Mnapima Kichwa, Kadi Hamuulizi

Saa tano usiku, kwenye geti la nyumba moja ya wageni Kahama, mlinzi alimulika tochi ndani ya buti la Probox yangu, akaruka nyuma hatua mbili. "Mzee, huyo ni Rottweiler. Mbwa wa aina hiyo hapa marufuku." Nikamwambia ni chotara: baba yake ndiye Rottweiler, mama yake koko wa Ngokolo, kwetu Shinyanga, aliyezalia nyuma ya jiko la jirani yangu. Akasema kichwa ni cha Rottweiler, basi. Nikamtolea kadi ya chanjo, ina muhuri wa daktari wa mifugo na tarehe ambayo wino wake haujafifia. Hakuigusa. Alikuwa bado anamulika kichwa.

Mlangoni pa jiko la nyumba hiyohiyo alilala koko wa rangi ya vumbi, ncha ya sikio imeliwa na nzi, ana kidonda cha kung'atwa kwenye paja, hana hata kipande cha kamba shingoni.

"Na huyu?"

"Huyu wa hapahapa. Hana neno."

Nililala garini. Watasema, ndilo jina la mbwa wangu, maana mtaani kwetu mbwa hupewa jina ili ujumbe uwafikie majirani, alikoroma kuliko mimi.

Sasa niulizwe ninachokilalamikia. Silalamikii kitanda. Mwenye nyumba ana haki ya kukataa mbwa, na ndugu zangu Waislamu wanaochunga twahara yao wana sababu ambayo mimi si wa kuibishia. Angeniambia "hatupokei mbwa," ningepiga gia nikaondoka bila kinyongo. Kilichonichoma ni kuambiwa mbwa wanapokelewa ila wa sura hii hapana. Na hilo nimelisikia mara nyingi mno kwenye njia hii ya Tinde, Isaka, Kagongwa, Kahama, Kakola hadi Geita. Nikiomba kuonyeshwa kifungu cha sheria naonyeshwa kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta. Nikizungukia Mwanza, darajani Kigongo–Busisi napita na hakuna anayeuliza nani yuko kwenye buti. Nikifika mjini mageti yanaanza tena. Marufuku zetu za mbwa hazikutungwa bungeni. Zimetungwa na hofu, zikapewa tochi na rungu.

Na tumeanza kusikia wakubwa wa mitaa nao wakitamani kuzipandisha ziwe amri: mbwa hawa wakubwa wa kigeni, mbwa wa migodini, wapigwe marufuku wote. Makofi yanapigwa. Jamani, kabla hamjapiga makofi, tazameni waliotutangulia.

Uingereza ilitunga Sheria ya Mbwa Hatari mwaka 1991, ikataja aina nne, pit bull akiwa wa kwanza. Watu wakaendelea kung'atwa. Oktoba 2023 wakaongeza ya tano, XL Bully, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kummiliki bila cheti cha msamaha huko England na Wales ni kosa. Wanamjuaje? Wanampima. Dume likifika sentimita 51 begani, na kichwa na kifua vikilingana na maelezo ya kwenye karatasi, limeingia kundini, hata kama maisha yake yote limelala na watoto kwenye zulia. Yaani serikali yenye maabara na vyuo vikuu imeishia kushika futi kamba, sawa na kijana wangu wa Kahama na tochi yake. Denmark ilipiga marufuku aina 13 mwaka 2010, na msafiri anayekatiza nchi hiyo na mbwa wa orodha ile anaruhusiwa kupita mradi mbwa abaki garini, ashuke kujisaidia tu. Fikiria hilo: mbwa halali mpakani huku, haramu kilomita moja mbele, na hajabadilika hata unyoya. Uholanzi iliwapiga marufuku pit bull mwaka 1993, ikaja kuona watu wanaong'atwa hawapungui, na mwaka 2008 ikaamua kuachana na marufuku hiyo. Ilichukua miaka kumi na tano kukiri. Sisi tunataka kuanzia walikotubu wenzetu.

Turudi nyumbani. Kinachoua watu wetu ni kichaa cha mbwa, na kirusi chake hakisomi ukoo. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba Tanzania inazika karibu watu 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao watoto wa vijijini. Hawakung'atwa na Rottweiler wa kampuni ya ulinzi. Waling'atwa na huyu wa hapahapa asiye na neno. Mate yake yanaingia kwenye jeraha, kirusi kinatambaa taratibu ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, wiki kadhaa, pengine miezi, na mtoto anaendelea kwenda shule huku kidonda kimeshapona na mama ameshasahau. Siku mtoto anaposhindwa kumeza maji, anayaona kikombeni na koo linajikaza, hapo hakuna daktari wa kumrudisha. Angeoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, akapelekwa hospitali siku ileile akaanza sindano, angekuwa anacheza. Tunajua haya yote. Na bado, getini, tunapima kichwa.

Wataalamu wanasema ukichanja mbwa saba katika kila kumi wa eneo, tena na tena kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kushika. Si maneno ya vitabuni tu. Pemba waliuondoa kwa kampeni za chanjo mwaka 2014, mwaka 2016 ukaingizwa upya kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 wakawa wameukata. Safari ya mbwa ndiyo iliyourudisha, na hapo nawakubalia wenye mageti: mbwa anayesafiri ni wa kuulizwa maswali. Lakini swali liwe lenye jibu la maana. Umechanjwa lini? Mwenyewe ni nani? Kamba iko wapi?

Kwa hiyo sina ugomvi na lango la Serengeti. Pale mbwa haingii, awe wa balozi au wa mchunga ng'ombe, na sababu inajulikana. Mwaka 1994 virusi vya distempa, vilivyokuwa vikizunguka kwa mbwa wa vijiji vya jirani, viliua simba wapatao 1,000, theluthi ya simba wote wa mbuga ile. Marufuku yenye sababu haina haja ya kuchagua sura.

Nakuja kwa mbwa wa migodini, maana ndiye anayetajwa kila hoja inapowaishia. Ni kweli yupo, na ni kweli anatisha. Nenda kwenye karasha yoyote ya kusagia mawe ya dhahabu jioni, pale viroba vya mawe vimepangwa vinasubiri zamu, utamkuta kafungwa mnyororo wa mita moja kwenye gogo, jua la mchana lote, sufuria ya maji imepinduliwa. Kijana anayempelekea dona anampelekea na fimbo. Wapo wanaomtilia pilipili kwenye chakula wakiamini inamwongezea ukali. Mbwa huyo akikata mnyororo akamrarua mama anayepita na beseni la mihogo, tunasema ni damu ya kigeni. Damu gani? Mfunge koko wako hivyo mwaka mmoja uone. Wazee walishasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Walimtazama msasi kwanza. Na sheria yetu nayo inamtazama msasi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamtia hatiani mtu anayezembea kuchukua tahadhari juu ya mnyama aliye mikononi mwake hadi kuhatarisha maisha ya wengine. Haitaji Rottweiler, haitaji koko. Inamtaja mtu. Ila kumshitaki mtu mwenye karasha kunahitaji moyo, maana ana pesa na ana marafiki. Mbwa wake hana.

Halafu kuna jambo ambalo nasita kuliandika, lakini nimezaliwa hapa. Sisi watu wa Shinyanga ndio tungepaswa kuwa wa mwisho duniani kuhukumu kwa sura. Mkoa huu umezika vikongwe waliokatwa mapanga wakiitwa wachawi, kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa samadi na kuni za miaka hamsini jikoni. Simlinganishi bibi yangu na mbwa, na atakayesoma hivyo atakuwa amenionea. Nalinganisha uvivu. Ni uvivu uleule wa kutazama jicho usiulize moshi. Ukishaujengea mazoea kwa mnyama, haukai huko.

Mnaotaka amri, basi nawapa amri. Kila mbwa wa Ngokolo, wa Kakola, wa Katoro, awe na kadi. Chanjo isifike mtaani mara moja kwa mwaka, na kipaza sauti, na wageni rasmi, kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halafu kimya. Ifike kama inavyofika gari la maji, watu wajue siku yake. Mwenye mbwa asiye na kadi atozwe faini, na mbwa aliyefungwa mnyororo wa mita moja amponze aliyemfunga. Kwenye mageti na kwenye mabasi pawekwe swali moja tu: kadi iko wapi? Mtaona nitakavyokuwa wa kwanza kusimama pembeni nikisubiri kukaguliwa, na Watasema kakaa chini kando yangu.

Asubuhi ile Kahama, zamu ilipoisha, mlinzi alikuja dirishani akiwa amevua koti, sauti imeshuka. Alikuwa na safari ya Kakola, kwa mkewe, na alikuwa amesikia kwamba naelekea huko. Nikamfungulia mlango wa mbele. Yule koko wa jikoni alitusindikiza hadi barabarani akichechemea. Njia nzima tuliongea, bei ya mchele wa Kagongwa, vumbi, mawe yaliyotoka kwenye shimo la dhahabu la shemeji yake, huku Watasema akimpumulia kisogoni kutoka kwenye buti. Kakola akashuka, akashukuru, akapitisha mkono kwenye kioo cha nyuma akampapasa pua. Tangu alipopanda hadi aliposhuka hakuniuliza kama mbwa amechanjwa.