Asiyekuwapo na Lake Halipo: Maji ya Nile na Ukimya wa Wakubwa

Ndugu wananchi, na ninyi waumini mnaoupokea waraka huu mkitoka ibadani:

Hakuna mtu wa Machakos anayehitaji kufundishwa thamani ya maji. Mama aliyeamka alfajiri akachimba mchanga wa mto mkavu, akangoja maji yajichuje hadi mtungi ujae, anaijua kuliko profesa yeyote. Vikundi vyetu vya mwethya vimejenga matuta na mabwawa ya mchanga kwa jasho lao, bila kuingoja Serikali. Basi msishangae sisi, tunaoishi katika bonde la Mto Athi unaokwenda Bahari ya Hindi, tukiandika juu ya Mto Nile. Anayezoea kuamua maji ya Nyando na Nzoia kwa siri hatashindwa kuamua ya Athi kwa siri.

Tarehe 7 Mei 1929, mjini Cairo, Lord Lloyd kwa niaba ya Uingereza na Mohamed Mahmoud Pasha, Waziri Mkuu wa Misri, walibadilishana barua. Walikubaliana kwamba katika Sudan na katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wa Uingereza, pasijengwe kitu chochote cha kunyunyizia mashamba wala cha kuzalisha umeme juu ya Nile, matawi yake, au maziwa yanayoulisha, iwapo kitadhuru maslahi ya Misri, ila kwa kibali cha Misri kwanza. Mkenya hakuulizwa. Hakuwa na kura, hakuwa na mbunge, na ardhi yake mwenyewe ilikuwa ikigawiwa walowezi. Mtu aliyenyang'anywa shamba aliwezaje kusemwa kuwa ametoa mto wake kwa hiari?

Mwaka 1959 Misri na Sudan zikaketi peke yao. Misri ikajitwalia mita za ujazo bilioni 55.5 kila mwaka, Sudan bilioni 18.5, na takriban bilioni 10 zikahesabiwa kuwa hupotea kwa mvuke. Jumla ni bilioni 84, ndio wastani wa mto mzima ulivyopimwa Aswan. Hesabu ikafungwa. Ethiopia, ambako hutoka kiasi cha asilimia 85 ya maji hayo, haikupewa hata tone. Nchi za Ziwa Victoria nazo hazikutajiwa fungu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na barua za 1929. Msingi wake ulikuwa kwamba taifa huru hupitia mikataba ya mkoloni kwa muda wa miaka miwili, na isiyothibitishwa huanguka. Kenya nayo, baada ya uhuru wa 1963, ilishika njia inayofanana na hiyo. Sisi tulio wanasheria tunasema huo ulikuwa msimamo wa haki. Swali letu ni moja: je, tumeusimamia kwa vitendo?

Mwaka 1999 nchi za bonde la Nile zilianzisha mjini Dar es Salaam chombo cha ushirikiano. Baada ya miaka mingi ya mazungumzo ulizaliwa mkataba mpya, uliofunguliwa kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010. Kenya ilitia saini tarehe 19 Mei. Mkataba huo unataka kila nchi itumie maji kwa usawa na kwa kiasi cha haki, na isimletee jirani madhara makubwa. Misri na Sudan zilikataa, zikidai matumizi na haki zao za sasa zilindwe kwa maandishi. Yaani hesabu ya 1959 irudi kwa mlango wa nyuma.

Saini peke yake haimfungi mtu. Sharti mkataba uridhiwe. Ethiopia na Rwanda ziliridhia, kisha Tanzania, Uganda na Burundi. Mwaka 2024 Sudan Kusini ikawa ya sita, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo mkataba ukaanza kutumika. Kenya haikuwa miongoni mwa hao sita.

Na sasa, watu wa Machakos, sikilizeni. Sudan Kusini ilianzia wapi safari yake ya kuwa taifa? Ilianzia hapa kwetu! Tarehe 20 Julai 2002, katika mji huu, chini ya upatanishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo, ilitiwa saini Itifaki ya Machakos iliyowapa watu wa kusini haki ya kujiamulia mambo yao kwa kura. Mwaka 2011 wakapata uhuru. Mtoto aliyezaliwa mlangoni petu ametangulia kutetea maji ya wote, na mwenye nyumba amebaki kitandani.

Watatwambia: Misri ni jangwa, mamilioni ya watu wake hawana mto mwingine. Ni kweli, nasi hatumtakii Mmisri kiu. Lakini usawa ndio unaomlinda mnyonge wa kila upande, hata wa Cairo. Barua ya mkoloni humlinda aliyewahi tu. Isaka alipochimba visima na wachungaji wa Gerari wakavigombania, aliviita Eseki na Sitna, majina ya ugomvi. Kile ambacho hakikugombaniwa alikiita Rehobothi, kwa kuwa hapo palikuwa na nafasi. Bonde la Nile linahitaji Rehobothi.

Katiba ya 2010, ambayo wengine waliilipia kwa kifungo na kwa damu, inasema katika kifungu cha 1 kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 43 kinatupa haki ya maji safi ya kutosha. Kifungu cha 2 kinaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Sheria ya mikataba ya 2012 inataka Bunge liwasikilize wananchi kabla ya kuridhia. Kuridhia, basi, si siri ya mabalozi.

Tunadai Serikali iseme hadharani kwa nini saini ya 2010 iliachwa ikae zaidi ya miaka 14 bila kukamilishwa. Kama ina hoja dhidi ya mkataba, iilete Bungeni tuijibu. Kama haina, iuridhie.

Nanyi, ndugu, msingoje. Kila kikundi cha mwethya, kila jumuiya ndogo ya sala, kila baraza la wazee wa kanisa limwandikie mbunge wake barua moja yenye swali moja: uliposikia juu ya mkataba wa Nile, ulisema nini Bungeni? Jibu lake lihifadhiwe, lisomwe mbele ya watu siku atakaporudi kuomba kura.