Kofia Mbili za Soko la Mutrah

Katika Soko la Mutrah, mjini Muscat, kofia mbili zaweza kukaa rafu moja na mpita njia asijue ipi ni ipi. Zote nyeupe, zote zimejaa maua ya uzi wa kahawia na kijani. Mjuzi huzipindua. Ndani ya ile ya mashine, uzi umekimbia kutoka ua hadi ua. Ya mkono ina viua, vile vitundu vilivyotobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na hewa hupita. Ya kwanza ni riali chache tu. Ya pili hufika makumi ya riali, na huenda mshonaji ameinamia kazi hiyo miezi miwili.

Msomaji wa Unguja au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi: hiyo ni kofia yake. Waomani waliorudi kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kutawala 1970, walirudi na Kiswahili chao, na akina mama wakarudi na sindano.

Oman haijalala kuhusu kazi za mikono. Mwaka 2003 iliunda mamlaka maalumu ya kuzisimamia, ambayo 2020 ilijumuishwa na ile ya biashara ndogo na za kati. Mwaka 2022 UNESCO iliingiza jambia la Kiomani katika orodha ya urithi wa binadamu. Heshima njema hizo. Lakini jambia hutoka siku za Idi na harusi, na kofia huvaliwa hata kwenda kununua mkate. Ufundi wenye mteja wa kila siku hauhitaji kabati la kioo. Unahitaji soko lisilodanganya.

Gharama ya kuchelewa kuulinda ufundi inaonekana Al Bustan, hapo hapo Muscat, ambako jahazi Sohar limesimama katikati ya mzunguko wa barabara. Lilijengwa mjini Sur mwaka 1980 bila misumari, mbao zikashonwa kwa kamba za nazi kama mtepe wa Wabajuni, kisha mwandishi wa safari Tim Severin akasafiri nalo hadi China. Washonaji wa kamba hizo walitafutwa visiwa vya Lakshadweep, India. Nchi ya mabaharia ililazimika kuazima mikono.

Kuna njia nyingine. Shirika la hisani la Turquoise Mountain, lililoanzishwa 2006 na Mfalme Charles alipokuwa bado mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza, lilipoingia mtaa wa Murad Khani, Kabul, lilianza kwa kuzoa taka. Likakarabati zaidi ya majengo 100, likafungua shule na zahanati, likafundisha useremala, ufinyanzi na usonara. Fundi alipewa mtaa wa kuishi pamoja na kazi ya kufanya. Muscat si Kabul, haina magofu ya vita, ila somo la kuanzia anakoishi fundi linaihusu. Sidab, kijiji cha wavuvi kando ya Muscat ya kale, kina kikundi cha wanawake wanaoshona mifuko na kuiuza. Hapo ndipo fedha za hisani zingewekwa, kabla ya kugharimia tamasha la urithi.

Na kofia ipewe kitambulisho: kitambaa kidogo ndani, chenye jina la mshonaji na mji wake, na sehemu ya bei ijulikane kuwa ni yake. Mnunuzi hatapata hasara. Kofia ya viua hufuliwa, hutiwa wanga, hukaushwa ikarudi umbo lake, ikavaliwa miaka. Ya mashine ikilegea hutupwa.

Kwa sasa, mteja akiuliza nani kaishona, muuzaji huigeuza kofia mara mbili mkononi, husema "kazi ya mkono hii", kisha huanza kushusha bei.