Ukiona Zafua, Zimeundwa: Wapi, na kwa Lugha Gani?

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hutukumbusha sisi wanafunzi wa fasihi majahazi ya pwani na tungo za malenga. Makala haya mafupi yanaielekeza kwenye chombo kingine: mashine ya kufulia nguo kwa biashara.

Kule Migori na Homa Bay, kazi ya dobi imeanza kuhama kutoka karai na kuingia katika mashine. Anayefungua biashara hiyo huchukua mkopo wa chama au wa sacco, na mkopo haungoji mashine ipone. Ndiyo maana swali lake la kwanza dukani huwa: "Hii imetoka wapi?" Imani iliyoenea ni kwamba ya Ujerumani au Japani hudumu, na ya China hufa mapema. Hoja yangu ni kwamba swali hilo, ingawa ni la busara, halitoshi; na kwamba sisi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika swali linalokosekana.

Kwanza, jina lililobandikwa kwenye mashine si cheti cha kuzaliwa. Wengi huijua Toshiba kuwa ya Kijapani; lakini tangu mwaka 2016 sehemu kubwa ya biashara yake ya vyombo vya nyumbani imo mikononi mwa Midea ya China. IPSO na Primus ni majina yaliyoanzia Ubelgiji. Kampuni ya Alliance ya Marekani iliichukua IPSO mwaka 2006 na Primus mwaka 2014, na leo kiwanda chake kikubwa cha Ulaya kiko Příbor, Jamhuri ya Cheki. Alliance hiyo hiyo huunda Speed Queen mjini Ripon, Wisconsin, na ina viwanda China na Thailand pia. Basi anayeuliza nchi huenda akajibiwa jina tu.

Pili, hata nchi ikijulikana, uimara hutegemea kazi ambayo mashine iliundiwa. Ya nyumbani huundwa kwa kufua mara chache kwa wiki. Ya biashara hupewa beringi kubwa, fremu nzito na mota ya kustahimili kazi ya kutwa. Anayeitumikisha ya nyumbani mara nane kwa siku ataichosha upesi, iwe ya Mjerumani au ya Mchina. Naye anayetumiwa na jamaa mashine iliyotumika Marekani, mara nyingi hukuta imeundiwa volti 120 na hezi 60, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50. Transfoma hurekebisha volti, haibadili hezi. Mota ya kawaida itapungua kasi kwa takribani sehemu moja ya sita, na huweza kuchemka. Tena maji ya ziwa na ya mito, yasiposafishwa, huja na tope linaloziba vichujio vya vali.

Aghalabu mambo kama haya yameelezwa katika kijitabu kinachokuja na mashine. Lakini kwa lugha gani? Mwendesha mashine wa Homa Bay huzungumza Kidholuo nyumbani. Mwenzake wa Kehancha, Kikuria. Fundi anayevuka mpaka wa Isebania kutoka Sirari huja na Kiswahili cha Tanzania. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kijitabu cha mashine bado hakijapata habari hizo.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi. Ndugu msomaji, TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mafundi nao wana beringi, sili, mota, pampu na belti bila kungoja kikao cha wanaisimu. Hata neno dobi lilitoka Kihindi, likaja na kazi yake, likakaa. Maneno tunayo. Kinachokosekana ni sentensi: safisha kichujio kila Jumatatu, usijaze pipa kupita kiasi, zima umeme kabla ya kufungua.

Napendekeza basi kila tawi la chama chetu lichukue kijitabu kimoja, liketi na fundi mmoja, na litoe ukurasa mmoja wa matunzo kwa Kiswahili kinachosomeka, ubandikwe ukutani kando ya mashine. Kazi hiyo ni tafsiri, ni istilahi, na ni isimujamii kwa wakati mmoja. Inafaa hata kutahiniwa.

Mnunuzi aendelee kuuliza mashine imetoka wapi. Ila aongeze: iliundiwa kazi gani? Vipuri vyake vyapatikana Kisumu au Nairobi? Nani ataitengeneza, na maelezo yake yasomwa kwa lugha gani? Swali hilo la mwisho halimhusu mwenye duka. Latuhusu sisi.