UCHANGANUZI: Takwimu za Thika na Ruiru zahitaji ramani, si majedwali pekee

MKAZI wa Ruiru anayetaka kujua mji wake una watu wangapi atapata majibu mawili, yote rasmi na yote yakitoka kwa sensa moja. Jedwali la kaunti ndogo la Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) linaonyesha kwamba Ruiru ilikuwa na watu 371,111 katika sensa ya Agosti 2019. Jedwali la miji la shirika lilo hilo linasema watu 490,120. Tofauti ni watu 119,009, nao ni wengi kuliko wakazi wote wa kaunti ndogo ya Gatundu Kaskazini, waliohesabiwa kuwa 109,870.

Si kosa la hesabu. Kaunti ndogo ni mpaka wa utawala, uliochorwa ili naibu kamishna ajue eneo analosimamia. Mji ni kitu kingine. Nyumba za kupangisha na maduka hayangoji idhini ya mpaka, na Ruiru imemwagika hadi ng'ambo ya mstari wake. Mtu akionyeshwa mistari hiyo miwili kwenye ramani moja ataelewa kwa dakika chache. Akipewa majedwali mawili katika vitabu viwili, atadhani mojawapo linamdanganya.

Suala hili lingeachiwa wasomi kama pesa na hadhi hazingefuata nambari hizo. Mfano ni Thika. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilitaka mji uwe na angalau wakazi 500,000 ndipo upandishwe hadhi kuwa jiji. Marekebisho ya 2019 yalishusha kiwango hicho hadi 250,000. Katika jedwali la miji, Thika ilikuwa na watu 251,407, yaani imevuka kwa watu 1,407 tu. Lakini kaunti ndogo ya Thika Magharibi, ambako ndiko kitovu cha mji, ilikuwa na watu 245,820, pungufu kwa 4,180. Ukiongeza Thika Mashariki yenye watu 38,956, unafika 284,776 na mjadala unakwisha.

Basi idadi ni suala la mstari unapita wapi. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021 na Eldoret ikafuata mnamo Agosti 2024, na wanasiasa wa Kiambu wamekuwa wakitamani Thika ifuate mkondo huo. Mkulima wa Ngoliba ana haki ya kuuliza: mimi nimo ndani ya jiji hilo au nimo nje, na nikiwa ndani nitatozwa ada gani? Swali lake halijibiwi na jedwali.

Kuna mpaka wa tatu, nao ndio unaomgusa mwananchi zaidi. Wakazi hawamchagui naibu kamishna. Wanamchagua diwani, na diwani huwakilisha wadi. Eneobunge la Thika Mjini lina wadi 5: Township, Kamenu, Hospital, Gatuanyaga na Ngoliba. Ruiru ina 8: Gitothua, Biashara, Gatongora, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kiuu, Mwiki na Mwihoko. Mipaka hiyo ilichorwa mnamo 2012 kwa kutumia idadi ya watu ya sensa ya 2009, wakati mji wa Ruiru ulipokuwa na watu 238,858. Miaka 10 baadaye idadi hiyo ilikuwa imezidi maradufu, ilhali wadi zilibaki 8.

Hesabu rahisi inatosha kuonyesha athari yake. Ukigawanya watu 371,111 wa kaunti ndogo ya Ruiru, ambayo kwa kiasi kikubwa ndiyo eneobunge hilo, kwa wadi 8, unapata wastani wa watu 46,389 kwa kila wadi. Kaunti nzima ya Kiambu yenye watu 2,417,735 na wadi 60 ina wastani wa 40,296. Kitaifa, watu 47,564,296 wakigawanywa kwa wadi 1,450, wastani ni 32,803. Kila mara bunge la kaunti linapokubaliana kwamba wadi zote zipate kiasi sawa cha pesa za barabara au za basari, mwanafunzi wa Ruiru huwa amepunjwa kabla ya fomu kuchapishwa. Wala hakuna aliyemwibia. Amepunjwa na kigawanyo.

Wastani nao huficha mengi. Gatuanyaga na Ngoliba ni mashamba na vijiji kuelekea Kilimambogo. Township ni benki, maduka na makazi ya mjini. Ukisema "Thika Mjini" ina kiwango fulani cha maji ya mfereji, umechanganya watu wawili wasiofanana na kupata mtu wa tatu asiyekuwepo. Hata ndani ya mji, kitongoji cha Kiandutu hakiwezi kusomwa katika safu moja na mitaa ya wenye nafasi iliyo mwendo mfupi kutoka hapo.

Takwimu za kutenganisha haya zimo. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa vifaa vya kidijitali badala ya karatasi, na matokeo ya idadi ya watu yalichapishwa hadi kiwango cha kata ndogo. Tatizo ni kwamba kata ndogo ni kipimo cha utawala wa chifu, ilhali bajeti hupangwa kwa wadi na manispaa ina mpaka wake wa tatu. Mkazi wa Mwihoko akitaka kujua wadi yake ina watu wangapi, itambidi kwanza atambue ni kata ndogo zipi zimo ndani yake na zipi zimekatwa vipande. Mtaalamu wa ramani akiwa na kompyuta hufanya kazi hiyo kwa siku chache. Raia hawezi.

Ramani inayozungumziwa hapa si picha ya kutundika ukutani. Ni ile ya mtandaoni ambayo msomaji hubonyeza wadi yake na kuona idadi ya watu, vyanzo vya maji, shule na zahanati. Kisha hubadilisha mpaka kutoka wadi hadi kata ndogo au manispaa, na nambari hubadilika naye akitazama. Nchini Afrika Kusini, tovuti ya Wazimap imekuwa ikitoa wasifu wa aina hiyo kwa kila wadi kutokana na sensa ya 2011. Uingereza ilikuwa na tovuti ya takwimu za vitongoji iliyoendeshwa na ofisi yake ya takwimu hadi ilipofungwa mnamo 2017, huku mabaraza mengi ya miji yakijijengea yake.

Kenya haikosi historia katika jambo hili. Pengine ina historia nyingi kuliko matunda. Ramani ya Ushahidi ilizaliwa hapa mnamo Januari 2008, katikati ya ghasia za uchaguzi. Mwaka uliofuata vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao, ambao hadi wakati huo ulikuwa pengo tupu kwenye ramani za mtandaoni. Mnamo Julai 2011, Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya serikali, huku Katibu wa Wizara ya Habari, Dkt Bitange Ndemo, akiwa mstari wa mbele kuipigania. Ilisifiwa kote duniani. Baada ya miaka michache, data mpya zilipungua hadi watu wakaacha kuitembelea.

Halafu kuna ripoti ya 2013 ambayo wengi wameisahau. KNBS na shirika la SID zilichapisha uchunguzi wa ukosefu wa usawa nchini, kaunti kwa kaunti, ukishuka hadi wadi: elimu, maji, usafi, mwangaza, aina ya nyumba. Yaani kazi ya kuoanisha sensa ya 2009 na wadi mpya za 2012 ilifanyika. Haikushindikana. Ila ilikuwa kazi ya mradi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Hapo ndipo, kwa maoni ya mwandishi huyu, penye kiini cha tatizo. Tovuti hizi hazikufa kwa kukosa teknolojia wala kwa kukosa pesa za kuanzia. Wafadhili hupenda kuanzisha. Zilififia kwa sababu hakuna afisa ambaye kazi yake, iliyoandikwa kwenye barua yake ya ajira, ilikuwa kuzisasisha, na hakuna aliyeulizwa alipoacha. Mabaraza ya manispaa ya Thika na Ruiru, yaliyovunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, hayakuwa na mazoea hayo pia. Chini ya mpango wa LASDAP, yalitakiwa kuwaita wakazi wachague miradi ndipo yapate mgao kamili wa hazina ya LATF. Mkutano wa aina hiyo usipokuwa na takwimu hushindwa na mwenye sauti kubwa, na sauti kubwa mara nyingi ilikuwa ya diwani.

Sheria ya leo haina utata. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka taasisi za umma zichapishe habari zenyewe bila kungoja kuombwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Kwa hivyo kuchora ramani si hisani. Kilichoachwa wazi ni iwapo ramani hizo zitabaki kwenye kompyuta za idara ya mipango au zitafunguliwa kwa mlipa kodi.

Maafisa wenye wasiwasi nao wasikilizwe, kwani hoja zao si za kupuuzwa. Katika eneo ambalo bei ya ploti hupanda kila barabara inapotiwa lami, ramani ya miradi ijayo ni zawadi kwa dalali wa ardhi kabla haijawa faida kwa mpangaji. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, ilitufundisha hilo. Aidha, ramani inayoonyesha nyumba moja moja za Kiandutu inaweza kutumiwa na anayetaka kuwafurusha wenyeji. Sheria ya Takwimu ya 2006 inakataza kufichua habari za mtu binafsi zilizokusanywa na wanatakwimu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeongeza uzito. Jibu ni kuchapisha takwimu za eneo, si za nyumba, na kuchapisha miradi kwa wote siku moja. Dalali mwenye rafiki ofisini huijua ramani tayari. Asiyeijua ni mpangaji.

Kuna pingamizi nyingine ambayo wapenzi wa teknolojia hawapendi kuisikia. Sensa ya 2019 ilibaini kwamba asilimia 22.6 pekee ya Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi walikuwa wakitumia intaneti. Thika na Ruiru ziko mbele ya sehemu nyingi za nchi, lakini nyanya wa Gatuanyaga hatabonyeza wadi yoyote. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaro na maeneo yanayofurika. Ni wenyeji waliojua maji hufika wapi mvua inaponyesha. Ramani ya mtandaoni ina maana ikiwa pia inachapishwa kwenye karatasi kubwa, ikabandikwa katika ofisi ya wadi na ya chifu, na wenyeji wakaruhusiwa kuisahihisha kwa kalamu.

Kusahihisha huko ndiko muhimu zaidi kwa Ruiru. Takwimu za mahali panapokua kwa kasi hii huzeeka upesi. Ramani nzuri yenye nambari za 2019 inaweza kumpotosha mtu kuliko kutokuwa na ramani, kwa kuwa rangi zake zinashawishi. Lakini manispaa haihitaji kungoja sensa ijayo. Kila ombi la kujenga nyumba hupitia kaunti. Kampuni za maji za Thika, na za Ruiru na Juja, zinajua ni mita ngapi mpya zimewekwa na wapi. Shule zina orodha za wanafunzi. Nambari hizo zikikusanywa kwa wadi kila mwaka zitaonyesha mji unakoelekea, hata kama hazina usahihi wa sensa.

Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Utakaofuata utaanza 2028, na sensa nyingine, iwapo desturi ya kila miaka 10 itafuatwa, itakuwa 2029. Maana yake ni kwamba wadi za Ruiru zitapangiwa barabara, zahanati na madarasa hadi 2032 kwa nambari za Agosti 2019, isipokuwa manispaa ianze kuhesabu na kuonyesha ilichohesabu kabla ya mikutano ya wakazi kuitishwa.