Mambo ya Nyumbani: Okidi Isiyochanua

Wako wenzetu wakaao nchi za baridi, kama Njombe na Limuru, waulizao: mbona okidi yangu ilichanua mwaka wa kwanza, na tangu hapo yatoa majani tu? Nami nawauliza: usiku hulala wapi? Wengi hujibu kwamba huiweka jikoni karibu na moto, kwa kuihurumia.

Basi, huruma hiyo ndiyo kosa. Okidi ya namna ya simbidiamu asili yake ni milima ya Himalaya. Usiku wa baridi, wa digrii 10 hadi 14, ndio uiamshao kufanya maua. Iwekeni barazani penye mwanga, ikingwe na sakitu tu, yaani umande ugandao, maana huiua. Mizizi isikae majini. Wala msikate mashina manene ya zamani yenye majani: hayachanui tena, lakini huyalisha machipukizi yatakayochanua. Kisha ngojeni miezi kadhaa.

Nanyi wazazi, mtoto naye msimkinge na kila baridi. Mwacheni aonje uzito wa kazi, nanyi mkingeni na lile liualo tu.