KESI YA MTOTO HAIMALIZWI NYUMBANI



Iko desturi katika vijiji vyetu vya Ufipa ambayo tumeipa jina la heshima ili isituchome dhamiri: kumaliza mambo kifamilia. Binti wa shule ya msingi ananajisiwa na mtu mzima. Wazee wa pande mbili wanakutana jioni, fedha au ng'ombe wanatajwa, mikono inashikwa, na kila mtu anarudi kwake akisema amani imepatikana. Tunauliza: ni amani ya nani? Mtoto hakuitwa katika kikao hicho, wala hakuulizwa neno. Kesho atapishana na aliyemtenda katika njia ya kisimani.

Tusijidanganye kwamba mambo haya ni machache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana 1 katika kila 7. Hao ni watoto waliokaa katika madawati ya shule zetu na katika mafundisho yetu ya Komunyo ya Kwanza.

Sheria ipo. Mwaka 1998, baada ya akina mama wengi kupaza sauti, wakiwamo wanahabari wanawake wa TAMWA, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Kubaka kuliwekewa kifungo kisichopungua miaka 30, na kifungo cha maisha ikiwa mtoto hajafikia miaka 10. Kuhusu aliye chini ya miaka 18, kusema kwamba alikubali si utetezi.

Wapo wasemao: “Mkosaji akifungwa, familia ya binti itapata nini? Afadhali ng'ombe.” Wajue kwamba sheria hiyohiyo inaitaka mahakama imwamuru mkosaji kumlipa fidia aliyetendewa, pamoja na kifungo. Kinachopokelewa kwa siri mezani ni bei ya kunyamaza. Tena Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa ni kosa la jinai kupokea mali ili kuficha kosa kubwa kama hili. Mzee aliyeongoza kikao na baba aliyepokea ng'ombe nao wana la kujibu.

Hata hivyo sheria yenyewe iliachiwa ufa. Ile ya 1998 haikuhesabu kuwa ni kubaka iwapo binti wa miaka 15 au zaidi ni mke wa mtu huyo. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa kibali cha mahakama. Maana yake ni kwamba tendo lililo jinai leo huwa halali kesho kwa mahari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vya ndoa ni kinyume cha Katiba na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mwaka uliowekwa ulipita, na mingine ikapita, mlango ukiwa wazi. Tunawataka wabunge wa Rukwa wasimame juu ya jambo hili: miaka 18, bila kisingizio cha ndoa.

Lakini hata ukuta usio na ufa haumlindi mtoto ikiwa sisi ndio tunaomfungulia fisi lango. Kesi nyingi hufa kwa kukosa ushahidi. Mtoto huogeshwa, nguo hufuliwa, wiki hupita wazee wakishauriana. Apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72, ili apate pia dawa za kuzuia maambukizi ya UKIMWI; na polisi wajulishwe, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ili fomu ya PF3 ijazwe. Tunajua kwamba kutoka Mwazye au Kate kwenda Sumbawanga ni safari, na nauli hutoka katika gunia la mahindi. Basi Jumuiya Ndogo Ndogo zinazochanga kwa ajili ya msiba zichange pia kwa ajili ya nauli ya mtoto huyu na mama yake, hadi siku ya hukumu.

Umri nao lazima uthibitishwe mahakamani. Wapo walioachiwa huru kwa sababu haukuthibitishwa. Mzazi asisite kwenda kuutaja, na pale ambapo hakuna cheti cha kuzaliwa, daftari la ubatizo la parokia lifunguliwe bila kuchelewa. Wala asiwepo wa kusema kwamba neno la mtoto halina uzito. Tangu mwaka 2016 mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli, na mahakama ikimwamini, neno lake peke yake laweza kutosha.

Na kama mkosaji ni katekista, mwalimu wa kwaya au padre? Sheria haitazami kanzu. Marehemu Papa Fransisko, kwa agizo lake la mwaka 2019, aliwalazimisha mapadre na watawa kutoa taarifa ya makosa ya namna hiyo kwa wakuu wa Kanisa, na hakuondoa wajibu wowote uliowekwa na sheria za nchi. Anayeficha kwa kisingizio cha kulinda jina la Kanisa analichafua mara mbili.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzipeleka kwa serikali ya mahali pake. Kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya akialikwa katika kikao cha kumaliza jambo kama hili, asiende kupatanisha. Aende kwa mtendaji wa kijiji na polisi. Bwana wetu alisema juu ya jiwe la kusagia na shingo ya amkoseshaye mmoja wa wadogo hawa, hakutaja ng'ombe.