Charley Bourne aliwatangulia mashujaa

NENO LA JUMAMOSI
Na Idrisa Mwaruka

Wapenzi wa katuni wakianza kuikumbuka miaka ya themanini, mazungumzo huangukia mwaka 1986. Mwaka huo Frank Miller alimzeesha Batman katika The Dark Knight Returns, nao Alan Moore na Dave Gibbons wakaanza kutoa Watchmen, matoleo 12 yaliyowavua mashujaa majoho yao na kutuonyesha watu wakatili, wapweke na waliochoka. Mwaka 2005 jarida la Time liliiweka Watchmen kwenye orodha yake ya riwaya 100 bora za Kiingereza. Tangu hapo imekuwa kama sheria: katuni zilibaleghe mwaka 1986.

Nabisha. Watchmen inastahili sifa zake zote, lakini katuni zilikuwa zimeshabaleghe miaka saba kabla, tena ndani ya gazeti la watoto lililochapwa kwenye karatasi duni. Aliyezivusha ni askari wa miguu asiyejua hata tahajia.

Gazeti hilo la Uingereza liliitwa Battle, na lilitoka kila wiki. Januari 1979 lilianza kuchapa Charley's War, hadithi iliyoandikwa na Pat Mills na kuchorwa na Joe Colquhoun. Charley Bourne ni kijana wa London mwenye umri wa miaka 16. Anadanganya umri ili aandikishwe jeshini mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha anajikuta Somme, Ufaransa, ambako siku ya kwanza tu ya mapigano, Julai 1, waliuawa Waingereza zaidi ya 19,000. Katuni za kivita zilizozoeleka zingempa medali na Mjerumani wa kumtwanga. Mills alimpa tope, panya, gesi ya sumu na maofisa wanaowatuma vijana kufa kwa amri za kipuuzi.

Ufundi wake ndio unaonishangaza hadi leo. Charley anawaandikia wazazi wake barua zilizojaa makosa, akiwatuliza kwamba mambo si mabaya sana. Pembeni ya maneno hayo Colquhoun anachora handaki lililojaa maiti, na mtoto anayesoma anajua kile ambacho mama yake Charley hakijui. Rafiki yake Ginger anaposambaratishwa na kombora, Charley anaokota mabaki yake na kuyatia kwenye gunia. Mwaka 1982 Uingereza ilipopeleka manowari visiwa vya Falkland kupigana na Argentina, baadhi ya magazeti ya watu wazima yakishangilia kila meli ya adui iliyozama, wasomaji wa Battle walikuwa wakiletewa hadithi ya namna hii wiki baada ya wiki.

Haya yalifanyika wakati biashara ya vinyago ikizimeza katuni. Mwaka 1982 Marvel ilianza kutoa G.I. Joe pamoja na kampuni ya Hasbro. Mwaka 1984 ikaja Secret Wars, iliyotengenezwa iende sambamba na vinyago vya Mattel. Battle lenyewe liligeuzwa Battle Action Force mwaka 1983, na Charley akawa anatambaa kwenye tope kurasa chache tu kutoka kwa askari wa plastiki wanaouzwa madukani.

Hata huko Marekani waliowahi kuvaa sare walijitahidi. Larry Hama, aliyewahi kuwa mwanajeshi, aliandika G.I. Joe, na mwaka 1984 akatoa toleo zima lisilo na neno hata moja la mazungumzo. Doug Murray, aliyepigana Vietnam, alianzisha The 'Nam mwaka 1986: kila toleo lilisogeza vita mwezi mmoja, na askari aliyemaliza muda wake alirudi kwao na kutoka kwenye hadithi. Lakini katuni hiyo ilipaswa kupita kwenye kanuni za maadili za wachapishaji, kwa hiyo wanajeshi wake hawakuruhusiwa hata kutukana kama wanajeshi.

Na tusisahau nasaba. Ni Mills huyuhuyu aliyeasisi 2000 AD mwaka 1977, gazeti ambalo Moore na Gibbons walilifanyia kazi kabla ya kuitwa Marekani. Ule moyo wa kumtilia shaka shujaa ulikuwa umeshajengwa kwenye magazeti haya ya watoto kabla haujafika New York.

Tofauti iliyopo ni mahali pa kusimama. Watchmen inavitazama vita kutoka juu, kwa macho ya wenye nguvu, na inauliza nani awazuie. Charley anavitazama akiwa amelala kifudifudi. Msomaji wa huku kwetu ana sababu ya kumwelewa. Vita hivyohivyo vilipiganwa Tanga mwaka 1914 na Taveta mwaka 1916, na katika kampeni hiyo ya Afrika Mashariki wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi.

Mills aliiacha hadithi ya Charley mwaka 1985. Katika sehemu yake ya mwisho tupo mwaka 1933: Charley hana kazi, bado anaamini kwamba vita vyake vilikuwa vya mwisho, na Hitler ameshika madaraka Ujerumani. Kampuni ya Rebellion imeichapa upya hadithi hiyo katika vitabu. Mtoto wako akikuomba katuni ya mashujaa, mnunulie. Akikuomba ya vita, mpe Charley, na usimpe mwongozo wowote. Mills na Colquhoun hawakuwahi kumdharau msomaji wa umri wake.